Kamera ya Chumba cha Vidonda

Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho wa korido, baada ya dirisha la dawa, na harufu yake ilikupokea kabla hujafika mlangoni. Nesi aliyekisimamia alikuwa ameizoea hata haisikii tena. Alichokuwa bado anakisikia ni miguu yake mwenyewe, maana kufikia adhuhuri ilikuwa imeumuka ndani ya viatu kama unga uliotiwa hamira.

Kazi yake ilikuwa kufungua bendeji, kusafisha, kutazama na kufunga upya. Wagonjwa wake walikuwa wa kudumu: wenye sukari, wenye mishipa iliyochoka, wazee waliojigonga kidogo tu kwenye ukingo wa kitanda wakabaki na donda mwaka mzima. Na kabla ya kufunga alipiga picha, ili ijulikane kama donda linasonga mbele au linarudi nyuma. Kwa hilo alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, rangi imechubuka, kifuniko cha betri kimeshikiliwa na plasta ileile ya wagonjwa. Mkono wa kushoto ulinyanyua kisigino cha mtu, wa kulia ukachomoa kamera kwenye mfuko wa aproni, ukabonyeza, ukairudisha. Mgonjwa alikuwa hajamaliza hata kumsema mkwe wake.

Lawama zilitoka kwa daktari. Alikuja mara moja kwa wiki kutoka hospitali kubwa, akakaa mbele ya kompyuta na kuzipitia picha zile huku amekunja uso.

"Sista, hapa pekundu pamewaka au ni nini?"

"Ni taa, daktari. Kulikuwa na mawingu, nikawasha taa."

"Na hii njano? Usaha?"

"Hiyo nayo ni taa."

Daktari akavua miwani, akajikanda macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kama yeye, ila uchovu wake ulikuwa na gari la kuurudisha nyumbani.

"Sasa mimi natibu watu au natibu taa?" akauliza. Kisha akamweleza kwamba uongozi umekubali kununua kamera ya maana, DSLR, zile kubwa za wapiga picha, japo iwe ile ya wanaoanza. Au kama anaona ni usumbufu, hii ndogo ipelekwe kwa fundi ikatengenezwe kifuniko, mambo yaendelee kama zamani. "Amua wewe, wewe ndiye unayeibeba. Nikirudi nipe jibu."

Amua wewe. Nesi alitoka na maneno hayo kama mtu aliyeongezewa kifurushi na mikono yote imejaa. Tangu asubuhi alikuwa akiamua: huyu abanwe bendeji au alegezwe, yule arudi kesho au Ijumaa, yule mwingine apelekwe hospitali au asubiriwe. Alitamani apatikane mtu mmoja tu wa kumwamulia jambo.

"Mwite mdogo wangu," mumewe akasema walipomaliza kula. Mdogo wake alikuwa mpiga picha za harusi, mtu anayejua habari za kamera kuliko anavyojua madarasa wanayosoma watoto wake. Hakukawia. Aliingia na begi jeusi begani, akatoa kamera aliyojifunzia kazi, ambayo siku hizi ilikuwa imelala kabatini.

"Shemeji, kaa nayo mpaka daktari wako arudi. Ukiipenda, mwambie wakununulie ya namna hii. Usipoipenda unirudishie, hatujagombana."

Nesi akaipima mkononi. Ilikuwa nzito kama chupa ya maji iliyojaa.

Shemeji akaanza somo. Alieleza tundu la lenzi, linavyofunguka na kufumba. "Ukilifungua sana, mtu anaonekana safi, nyuma yake kote kunafifia. Kwa bibi harusi hapo umemaliza kazi."

"Na kwa kisigino?"

Shemeji akakuna kichwa. "Kisigino... kwa kisigino lifumbe kidogo."

Alipofika kwenye kasi ya kupiga, mwanafunzi wake alikuwa ameshalala, kichwa kwenye bega la mumewe, mdomo wazi.

"Mwekee otomatiki," mume akanong'ona.

Shemeji akaiweka otomatiki kwa shingo upande, kama mtu anayekabidhi ufunguo wa gari lake kwa asiye na leseni.

Kesho yake mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye sukari, mpole, aliyekuwa akipigwa picha tangu mwaka jana bila neno. Kamera kubwa ilipotolewa, akavuta shuka hadi magotini.

"Sista, hizo picha zinakwenda wapi?"

Nesi akamweleza: zinakwenda kwa daktari peke yake, kompyuta ina neno la siri, na sura haionekani, ni mguu tu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Lakini nesi alihisi uso wake mwenyewe ukiwaka kwa aibu. Swali lile alipaswa awe amelijibu siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuulizwa. Kamera ndogo ilikuwa ikipita kama mwizi wa kuku, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Halafu ukaja mtihani wa mikono. Kamera ile ilitaka mikono miwili. Nani sasa anyanyue kisigino? Aliuweka mguu juu ya stuli, donda likaangalia chini. Akapiga magoti sakafuni. Alipoisogeza lenzi karibu, ikaenda mbele ikarudi nyuma ikikoroma, ikakataa katakata kupiga. Mpaka alipojivuta nyuma ndipo ikakubali. Akainuka kwa kushika meza, akabadilisha glavu. Nje watu kwenye benchi walianza kuchungulia mlangoni, na mmoja akauliza kwa sauti kama humo ndani kuna harusi.

Huyo aliyeuliza alikuwa Fundi, mshona nguo aliyestaafu, mcheshi wa benchi lile. Donda lake lilikuwa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, mahali ambapo mtu hawezi kupaona mwenyewe hata ajikunje vipi. Miezi yote alikuwa akilijua kwa mdomo wa nesi tu. Alipoiona kamera, akachomoa kitana mfukoni.

"Ngoja nijichane."

"Fundi, napiga mguu."

"Mguu wangu na kichwa changu ni ndugu."

Akalala kifudifudi. Nesi akaweka kando ya donda kile kijikaratasi chenye alama za sentimita, kama alivyofanya siku zote, akabonyeza. Picha ikatoka safi, kila ukingo umekaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia vizuri, na pengine ni hilo lililomponza.

"Nionyeshe basi," Fundi akasema, nesi akamgeuzia kioo cha kamera.

Fundi akatazama. Tabasamu likabaki usoni kwa muda, halina tena mwenyewe.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Ulisema kinapona."

"Kinapona, Fundi."

Fundi alifungwa bendeji, akavaa soksi mwenyewe, akaondoka bila kumtania mtu hata mmoja kwenye benchi.

Siku yake ya kurudi haikumleta. Nesi alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Kazi ilipoisha angeweza kwenda nyumbani, na miguu ilimsihi aende nyumbani, lakini alijua bendeji ile kwa sasa imelowa. Akatia vifaa vya kufungia kwenye begi pamoja na kamera zote mbili, maana kabati la kliniki halikuwa na kufuli, akaenda kumtafuta.

Binti wa Fundi ndiye aliyefungua. "Yumo ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Kanuna tangu siku ile. Hata cherehani kaifunika."

Fundi alikuwa amekaa, mguu juu ya mto, doa limejitokeza kwenye bendeji.

"Kile kikamera chako kidogo kilikuwa na adabu," akasema kabla ya salamu. "Hili lijikamera jipya halina haya hata kidogo. Mimi miezi yote najua nina kakidonda. Kumbe nina shimo."

Nesi akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Siku nyingine angempaka mzee wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa, angemwambia atacheza mpira. Safari hii alitafuta maneno matamu, akayakosa.

"Fundi, mimi nimechoka. Sina la kukubembelezea. Tazama mwenyewe, maana vipimo unavijua kuliko mimi."

Akamtafutia kwenye kamera ndogo picha ya zamani, ya siku za mwanzo. Fundi akavaa miwani.

"Haya ni matope."

"Ni matope, ndiyo. Lakini kijikaratasi unakiona? Donda linaishia wapi?"

Fundi akakisogeza kioo karibu, akakisogeza mbali. "Limepita karatasi yenyewe. Ncha zote mbili."

"Sasa tazama hii kubwa."

Hakutaka kuishika. Alipoishika, akaikuza picha kwa kitufe alichofundishwa abonyeze, akasoma zile alama moja moja, midomo ikicheza, kama alivyosoma viuno vya watu maisha yake yote. Donda halikufika hata nusu ya karatasi. Akarudia, safari hii akianzia upande wa pili.

"Nguo ikipunguzwa hivi," akasema hatimaye, "mwenye nguo amekonda sana."

"Amekonda."

"Lakini bado ni baya."

"Ni baya, Fundi. Linapona na ni baya."

Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageukia ukutani na kujifuta macho.

Nesi akafungua bendeji palepale. Akamwomba binti anyanyue mguu kwa kisigino, auzungushe kidogo, hapo hapo, asitikisike. Akarudi nyuma, akabonyeza mara moja tu. Picha ilikuwa imekamilika kabla Fundi hajapata la kulalamikia.

"Usinionyeshe," Fundi akasema, uso ameugeuzia pembeni. "Kuanzia leo uwe unaniuliza kwanza. Iko siku nitataka."

Daktari aliporudi, alizipitia picha mpya moja moja, na alipofika kwenye mguu wa yule mama mwenye sukari akasita. Rangi ya kidole kimoja haikumpendeza. Akaandika mama apelekwe hospitali leo hii, asingoje.

"Kwa hiyo tumeamua," akasema. "Kubwa."

"Kubwa. Lakini ile si ya mtu mmoja, daktari. Inataka wa kushika mguu."

"Unajua kliniki haina mtu wa kuongeza."

"Najua. Basi tutapiga siku yako tu, si kila siku. Na wewe ndiye utakayeshika. Na kila mgonjwa aelezwe kwanza, akikataa basi."

Daktari akamtazama aone kama ni mzaha. Akakuta uso mkavu. Akavua saa, akaitia mfukoni, akachukua glavu.

Ikawa hivyo. Kamera mpya ikanunuliwa, ya shemeji ikarudi kabatini kwake. Mara moja kwa wiki daktari aliinama mwisho wa kitanda, kisigino cha mtu mkononi, tai ameitupa begani, akiuliza kama tayari.

"Bado, daktari. Usitikisike."

"Mgongo wangu, sista."

"Pole sana," Fundi akajibu kutoka kitandani, kifudifudi. "Ukistaafu utapona."

Donda la Fundi halikufunga mwezi ule wala uliofuata, ila liliendelea kupungua. Yule mama alikatwa kidole kimoja, mguu ukabaki. Nesi alimwona akirudi na mkongojo, akasalimiana naye, akamwita mwingine aingie.

Jioni moja mumewe alimkuta amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anajikanda bega lililoanza kuuma mahali papya.

"Mdogo wangu anauliza, umeipenda hiyo kamera?"

"Ni nzito."

"Si uwaambie wairudishe dukani?"

"Nimesema ni nzito," nesi akasema, akifumba macho. "Sijasema siitaki. Hebu niongeze maji, haya yamepoa."