Mstari wa Januari Mosi

Mureithi aliita kazi yangu makumbusho. Kijana wa juzi! Daftari la wakimbizi wa Kakuma nililiandika mimi, hapa ofisini Lodwar, kwa FoxPro, lugha ya kompyuta ambayo siku hizi hakuna anayeifundisha. Yeye alitumwa kutoka Nairobi alihamishie Python, lugha ya vijana wa sasa. Nikanuna, sikatai.

Wiki ya tatu akaniuliza, "Mama Jelagat, huu mstari wa Januari mosi ni wa nini?"

Ningemjibu kwa pumzi moja. Asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari mosi, na nusu ya kambi haijui. Mstari ule uliizuia programu kudhani kwamba watu wawili wenye jina moja na tarehe hiyo ni mtu mmoja. Lakini kiburi si maungwana. Nikamwambia, "Wewe si msomi? Soma." Akaufuta.

Mwezi uliofuata nilikuwa kambini Kakuma, kwenye dirisha la kuhudumia wakimbizi. Akaja Nyibol.

"Ejok, mama," akanisalimu kwa Kiturkana.

Huyu nilimwandikisha mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, amemshika mkono mwanawe Lam. Sasa wanasafiri Kanada Jumanne, amekuja kuchukua barua zao za kusafiria. Yake ikatoka. Ya Lam haikutoka. Kompyuta ilisema: Lam Jal, Januari mosi 2005, alirudi kwao kupitia mpaka wa Nadapal, faili imefungwa.

"Lakini mimi niko hapa," Lam akasema nyuma ya mamake, begi mgongoni.

Alikuwako Lam Jal mwingine, wa mwaka uleule, na kweli alirudi. Bila mstari ule, programu imewafanya mmoja. Picha ya huyu, alama za vidole, miaka yake yote ya kungoja, vyote vimefutwa.

Nikampigia Mureithi. "Rudisha daftari la zamani, sasa hivi!"

Akajibu, "Tulilifuta Ijumaa, mama, na nakala zake. Sahihi ni yako."

Kweli, karatasi ya kulifuta niliitia sahihi bila kusoma, kwa hasira.

"Mwandike upya," Nyibol akaniomba. Nikafungua fomu.

"Alizaliwa lini?"

"Mtama ilikuwa inatoa maua. Ng'ombe ilikuwa imerudi kutoka malisho. Januari ni yenu nyinyi."

Fomu haina nafasi ya mtama. Kitambulisho cha kambi cha Lam kinasema Januari mosi, na nikiweka tarehe nyingine wataita udanganyifu, hata mama asisafiri. Nikaandika Januari mosi.

Ikajibu papo hapo: mtu huyu tayari yuko kwenye daftari, alirudi kwao.

Nyibol hajui kusoma. Alinitazama usoni, akitabasamu kidogo, akaniuliza, "Imekubali?"