Mpira Uliokwama Hewani Toledo

Ilikuwa imebaki chini ya sekunde moja, matokeo ni sare, na Dontrell Mabry alikuwa kwenye mstari wa mtupo huru akiudundisha mpira kama kawaida yake: anadunda, anapuliza kidole gumba, anatulia. Alichezea Korongo wa Memphis, na usiku huo walikuwa wageni wa Wahunzi wa Toledo. Mgeni anapotupa, mashabiki wenyeji wanaokaa nyuma ya kikapu hufanya kila njia kumvuruga. Walipunga maputo marefu. Walimnyanyulia picha kubwa ya mbuzi aliyevaa miwani. Bwana mmoja mnene alivua shati akatikisa tumbo. Hiyo ni haki yao, wameilipia.

Mpira ulipoacha vidole vyake, mwanamume mmoja wa safu ya pili alipaza sauti akasema neno. Neno lenyewe haliandikwi hapa. Ni lile ambalo mtu mweusi huitwa na yule asiyetaka awe mtu. Lilisikika vizuri sana, maana wapiga ngoma walikuwa wanavuta pumzi.

Mpira ulipanda, ukapinda, ukakaribia ringi, kisha ukasimama hewani.

Refa Pruitt alisubiri kidogo, kwa adabu. Sheria ilikuwa wazi: mtupaji havuki mstari mpaka mpira uguse ringi au ubao. Huu haukuwa umegusa kitu.

"Baki hapo hapo, kijana," alisema Pruitt. "Ukivuka, mtupo umefutwa."

"Na yule aliyesema vile, yeye hafutiwi kitu?"

"Mimi sikusikia mtu."

"Refa, robo ya kwanza ulisikia kiatu changu kikigusa mstari."

Pruitt alikiri kwamba hilo ni kweli, akaenda kuoga.

Fundi wa uwanja alileta ngazi, akaushika mpira kwa mikono miwili, akaning'inia. Alishuka akatoa taarifa kwamba mpira uko imara kuliko ngazi. Mashabiki walikwenda kutafuta magari yao. Safu ya pili yote iliulizwa na wakubwa wa uwanja, na ikathibitika kwamba katika nukta ile ile kila mmoja alikuwa amepaliwa na bisi.

Dontrell alibaki kwenye mstari.

Watu wa Toledo ni wakarimu, lisisemwe lingine. Kesho yake walimletea blanketi, mto, na sahani za pierogi, sambusa za kuchemsha zilizojaa viazi na jibini. Kila aliyeleta alimshika bega akamwambia, "Kaka, sisi hatuko hivyo." Alishukuru, akala. Mambo mengine ya mwili yalipangiwa ndoo na pazia, na historia haina haja nayo.

Kocha wake alipiga simu. "Vuka, bwana. Ni pointi moja tu. Nimeshamweka dogo mwingine kwenye nafasi yako, na anacheza vizuri. Siwezi kukushikia milele."

"Nitafikiria," alisema Dontrell, na hakufikiria.

Mama yake, Bi Earline, alikuja kwa basi kutoka Memphis. Aliutazama mpira kwanza, kisha mtoto.

"Kiwiko kilitoka nje."

"Mama, kiwiko kilikuwa sawa."

"Kilitoka. Lakini unaingia ule."

"Si ndiyo? Vidole vyangu vinajua. Sasa wananiambia nivuke yaishe. Nikivuka, maisha yangu yote wataandika kwamba nilikosa."

"Na usipovuka utapoteza kazi."

"Najua."

"Basi simama wima. Mgongo utakuuma." Akavuta kiti, akatoa kitambaa chake cha kushona.

Kati ya wote walioleta chakula, hakuna aliyemzidi Gordy Nowicki, fundi bomba, ambaye kila jioni alikuja na supu ya kabichi na kumwita Dontrell "mwanangu." Jioni moja Nowicki alimwita mfagiaji aliyekuwa upande wa pili wa uwanja amletee kijiko, na ilimbidi apaze sauti. Dontrell aliliweka bakuli chini.

"Ni wewe."

"Mimi nini, mwanangu?"

"Safu ya pili."

Nowicki alikoroga supu ambayo haikuwa yake. "Unamjua Rufus Tate wetu, nyota wa Wahunzi, mweusi kama wewe? Nina picha yake sebuleni, kubwa kuliko ya harusi yangu. Mke wangu alilia wiki nzima nilipoitundika. Sasa mtu kama mimi…"

"Sikuuliza habari za sebuleni."

"Kwenye mechi mtu anasema mengi, bwana wee. Ni joto la mchezo tu."

"Usituambie sisi," alisema Bi Earline bila kuondoa macho kwenye sindano. "Uambie mpira."

Nowicki alivua kofia, akasimama chini ya kikapu, akakohoa.

"Kama yupo mtu yeyote aliyeumia kwa jambo lolote ambalo huenda lilisikika," alisema, "basi nasikitika kwamba aliumia."

Mpira ulishuka upana wa kidole, ukasimama tena.

"Mmeona!" Nowicki alipiga makofi. "Umeshuka! Mama, umeshuka!"

"Malizia, basi," alisema Bi Earline.

Lakini Nowicki alisema yeye ametoa sehemu yake, na kwamba wako watu mjini hapa ambao hawajaushusha hata unywele. Magazeti yaliandika kuhusu hatua kubwa iliyopigwa. Uongozi wa Wahunzi ulitundika bango la TOLEDO NI MOJA, na ulilipima vizuri lisiuzibe mpira, kwa sababu watu walikuwa wakija kupiga picha.

Ligi iliendelea. Korongo walimwandikia Dontrell kwamba wamemwachia huru aende popote anapotaka, naye aliisoma barua akiwa amesimama. Timu zilizoea kucheza kumzunguka. Wahunzi walijifunza hata kumtumia kama kizuizi, wakipita ubavuni mwake ili beki ajigonge.

Kisha ikaja mechi ambayo Rufus Tate alikuwa na siku mbaya. Katika nusu ya kwanza wenyeji hushambulia kikapu kile kile, na Tate, kipenzi cha mji, alikuwa amekosa mitupo yote. Alipopewa mitupo huru miwili, akakosa wa kwanza. Kwa mchezaji wao wenyewe mashabiki wa nyuma ya kikapu hukaa kimya kabisa ili asivurugike. Hata watoto hunyamazishwa. Katika ukimya huo Tate alitupa wa pili, na sauti moja, changa kuliko ya Nowicki, ikasema neno lile lile.

Mpira wa Tate ulikwenda ukasimama kando ya mwenzake.

Safu ya pili ilipaliwa na bisi. Refa Pruitt alimwelekeza Tate asivuke, akapuliza filimbi, akaagiza mpira mwingine. Nowicki alitazama juu, akamwambia jirani yake kwamba leo Tate hana mkono.

Tate aliwatazama watu wake. Jezi zao nyingi zilikuwa na jina lake mgongoni.

"Hawa ni wa nyumbani," alisema.

"Ndiyo," alisema Dontrell. Akasogea kushoto, akampa nafasi kwenye mstari. "Vua viatu. Vitakubana."