Miaka Kumi na Saba ya Mjinga

Gundi ilikuwa inaungua jikoni, na Kemilembe, ambaye kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuunguza gundi, hakusikia hata harufu yake. Alikuwa ameinamia kamusi kubwa ya Kiingereza iliyoletwa na shule moja ya sekondari ikiwa imevunjika mgongo. Kazi yake ilikuwa kuzipanga kurasa zilizochomoka, kuzishona, kisha kuivisha jalada jipya. Kusoma hakukuwemo. Champaben, aliyemfundisha kazi, alikuwa mkali sana kuhusu hilo, kwa sababu mshonaji akianza kusoma sindano hulala.

Leo sindano ililala, na Kemilembe hakujali. Ilikuwa Jumamosi. Meli ya Kisumu ilikuwa inaondoka saa kumi jioni, na Champaben alikuwa na tiketi ya kwenda kuishi kwa binti yake, karakana amekwisha kuikabidhi kwa ushirika, masanduku yamefungwa. Alichokosa ni barua ya kuhama ya balozi wa nyumba kumi, na bila hiyo hapandi meli.

Kisa chenyewe kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa kinamnyima Kemilembe usingizi. Jumatatu Balozi Josephat alipita pale karakanani, mtaa wa Mirongo, kuchukua rejesta ya darasa la kisomo, akamsikia Champaben akiita kutoka chumba cha nyuma, "Wewe mjinga, leta uzi." Balozi akasimama kama aliyekanyaga msumari. Josephat alikuwa mtu mwema, mpenda haki wa kupindukia, na siku hizo za undugu alikuwa ameapa kwamba katika nyumba zake kumi hatatukanwa mfanyakazi. Barua ya kuhama ilimtaka athibitishe kuwa anayeondoka haachi ugomvi na mtu. Akasema hataiandika mpaka mama huyo aombe radhi mbele ya majirani.

"Niombe radhi kwa kumwita jina lake?" akauliza Champaben, mjane wa miaka sabini, na kuanzia hapo hakulizungumzia tena jambo hilo.

Kemilembe alijaribu kumtetea, lakini kila alichosema kilimgeuka. Alipoeleza kwamba si tusi, kwamba Mama amezoea tu kumwita mjinga, majirani walitikisa vichwa kwa huruma, wakanong'onezana kwamba maskini ameonewa mpaka haoni. Huruma hiyo ilimuuma kuliko neno lenyewe. Baraza la mwisho lilipangwa leo saa nane mchana, na mpaka asubuhi hii hakuwa na la kusema.

Na sasa kamusi hii. Haikuwa kamusi ya kawaida. Kila neno liliandikiwa maana zake zote tangu ya kale kabisa, kila moja na mwaka wake, kama mtu anayesimuliwa tangu utotoni. Neno lililomnasa lilikuwa "nice", yaani "naisi", neno ambalo Josephat halimtoki mdomoni. Kwake chai ni naisi, rejesta ni naisi, na mvua ikinyesha vya kutosha nayo ni naisi. Kwa Kiingereza chake cha darasa la nane Kemilembe alisoma polepole, kidole chini ya mstari, akarudia kuhakikisha. Mwaka elfu moja na mia tatu: mjinga, mtu asiyejua kitu. Baadaye: mwenye madaha, wa kuchaguachagua. Baadaye tena: makini, mwenye mkono mwangalifu. Chini kabisa, baada ya elfu moja na mia saba, ndipo likawa zuri, la kupendeza.

Alicheka peke yake mpaka akatokwa na machozi. Kisha akanusa gundi, akaruka, akaepua sufuria, akaifunga kamusi ndani ya kanga na kutoka mbio.

Uani kwa balozi majirani walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka. Champaben alikuwa juu ya kigoda, sari yake nyeupe imepigwa pasi, mgongo umenyooka kama rula. Kemilembe aliwaamkia wakubwa shikamoo huku akihema, akafungua kanga, na kabla hajaulizwa akamgeukia Josephat.

"Ndugu Balozi, samahani. Shati lako hilo likoje?"

Josephat alilitazama shati lake, akahisi mtego, lakini ukweli ni ukweli. "Ni naisi," alisema.

Kemilembe akamfungulia ukurasa wa kamusi. Josephat alivaa miwani, akasoma, akarudi juu, akasoma tena. 

"Kwa hiyo shati langu ni jinga?"

"Miaka mia sita iliyopita lingekuwa jinga, Balozi. Leo ni zuri."

Watu wakaangua kicheko, na Josephat mwenyewe akashindwa kujizuia. Kemilembe hakungoja kicheko kiishe. Alijua kwamba akinyamaza sasa hatasema tena.

"Waingereza wamelibeba neno hilo karibu miaka mia tano mpaka likalainika," alisema. "Mimi na Mama tumetumia kumi na saba tu. Naomba nilisome na la kwetu."

Hakuwa na kitabu mkononi, lakini alisoma. Mwaka hamsini na saba, siku ya kwanza kazini, ametoka Bukoba juzi tu, alibandika jalada la rejesta juu chini. Mama alimwita mjinga, na maana yake ilikuwa mjinga. Alilia chooni. Mwaka wa sitini Mama aliita hivyohivyo saa saba mchana, na maana yake ilikuwa njoo ule, chapati zinapoa. Mwaka wa sitini na nne Kemilembe alipomzaa Paskazia, damu ikakataa kukoma, Mama alikaa sakafuni hospitali siku tatu akimwambia, mjinga, mjinga, mjinga.

"Siku hizo maana yake ilikuwa usife," alisema Kemilembe. Hakuwa amewahi kulitamka jambo hilo mbele ya mtu, hata mbele ya mumewe. "Na tangu aliponunua tiketi, Balozi, ananiita mara ishirini kwa siku. Nikienda, namkuta hataki uzi wala gundi. Maana ya hiyo sijaipatia neno."

 Josephat alivua miwani, akamuuliza Champaben kama ana la kusema. Mwanamke huyo alikuwa anamtazama Kemilembe kana kwamba hao wengine hawapo.

"Ulilia chooni?" aliuliza.

"Nililia, Mama."

"Mimi sikujua." Alikunja pindo la sari, akalikunjua. "Basi kwa siku ile naomba radhi. Kwa zilizobaki siombi."

Josephat alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaomba aletewe kalamu.

Ilikuwa imebaki saa moja unusu meli iondoke. Kemilembe alirudi karakanani akikimbia kama msichana, maana daftari la zawadi ya Champaben lilikuwa bado uchi, bila jalada: karatasi nzuri alizozishona kwa siri usiku wa siku tatu, na ukurasa wa kwanza aliouandika kwa mkono wake. Alipasha gundi mpya, akapaka, akabandika jalada jekundu lenye jina la Champaben kwa herufi za dhahabu, akalibana kifuani na kushuka bandarini huku akiimba njia nzima.

Honi ya kwanza ilikuwa imelia. Walikumbatiana haraka, kwa aibu kidogo, kwa kuwa hawakuwahi kukumbatiana. Champaben alipokea daftari na kupanda ngazi, akaingia katikati ya wasafiri waliotoka Bukoba na meli hiyohiyo, wamesheheni mikungu ya ndizi na magodoro.

Meli ilianza kuachana na gati. Kemilembe alimwona pale juu, kwenye ukingo, akilikagua daftari kama alivyokagua kila kazi: kidole gumba mgongoni, kisha pembe, kisha jina la dhahabu. Akalifungua. Akalifunga. Akaligeuza, akalifungua tena, na maandishi ya ukurasa wa kwanza yakawa yamesimama sawa huku jina la jalada likining'inia kichwa chini.

"Mjinga wewe!" sauti ilivuka maji.

Watu wote gatini wakageuka kumtafuta aliyetukanwa, na Balozi Josephat miongoni mwao. Kemilembe alikwisha kuinua mkono juu kabisa, gundi bado mbichi vidoleni.

"Abee, Mama."