Kung'uta Kiatu Kwanza

Asubuhi ile ya mwaka 2013 Mabior aliamka kambini Kakuma akiwa amekata shauri la kufa. Alikuwa amechoka, jamani, uchovu ambao usingizi hauutoi. Mwanawe wa pekee, Yak, alirudi kwao Bor kujenga nyumba, malaria ikamuua huko, na miezi minne sasa chakula hakikumshuka baba mtu kooni. Redio yake alishampa jirani, Aisho, yaani Mama Samsam, muuza chai Msomali, akisingizia kwamba betri zinamsumbua. Uongo mtupu.

Akaketi kitandani, akachukua viatu vyake, akavikung'uta. Nani Kakuma huvaa kiatu bila kukikung'uta? Hata mtoto anajua. Kiatu cha kushoto kikadondosha nge mweusi, mkia juu, na Mabior, huyo huyo aliyesema dunia haina kazi naye, akaruka akasimama juu ya kitanda akipiga mayowe hadi kuku wa majirani wakatawanyika.

"Nge! Nisaidieni! Nge!"

Aisho akaja mbio na mwiko mkononi. Akamponda nge, kisha akamtazama Mabior, yule Mdinka, kichwa kikigusa mabati. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Wallahi, Baba Yak! Mtu mrefu kama nguzo ya stima, unaogopa mdudu?"

Mabior naye akacheka. Kicheko kikageuka kilio, akateremka, akakaa sakafuni akilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ile habari ilipofika.

"Mama Samsam, leo nilikuwa naenda kufa," akasema. "Na angalia. Nimeogopa kuumwa na nge. Hata kufa siwezi. Mimi mwoga kabisa."

Aisho akaacha kucheka. Hakumkaripia wala hakumhubiria. Akaketi mavumbini karibu naye.

"Mwoga gani? Kichwa yako imesema kufa, mwili yako imekataa. Haikuuliza ruhusa, imeruka tu. Mimi nasikiliza hiyo mwili." Akamshika mkono. "Chai ataangalia kijana wangu Duale. Mimi na wewe tunaenda kliniki sasa hivi. Sikuachi hata hatua moja."

Mabior alitaka kubisha, nguvu zikamwishia. Wakaenda, Aisho bado na mwiko wake, watu wakiwashangaa njia nzima.

Kliniki walimkuta mshauri, Nakeno, mama wa Kiturkana kutoka Lodwar. Aisho akamweleza kwa ufupi, akaenda kukaa nje kungoja. Nakeno akafunga mlango, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mzee. Nikuulize waziwazi. Unataka kufa?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Mabior akalimeza, akafikiri.

"Nataka haya maumivu yaishe," akasema polepole, akajishangaa, maana miezi minne yote alidhani ni jambo lile lile.

"Hayo tutapambana nayo pamoja. Hayataisha leo, lakini yatapungua." Nakeno akavuta kiti karibu. "Yak alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mbishi," akasema Mabior, na akaanza kusimulia.