Jumamosi ya Mawe

"Jiwe moja!" Ma Kokushubila alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Damian, nitajie jiwe moja tu ulilobebea shule yetu, nami natia sahihi sasa hivi, kwa kalamu yako hiyohiyo."

"Ma, mimi nilikuwa natoa mawazo."

"Mawazo hayajengi msingi!"

"Nilipendekeza madirisha yaelekee ziwani. Waulize watu."

"Ulipendekeza umekaa! Tena umekalia jiwe ambalo wenzako walikuwa wanalisubiri!"

Majirani walikwisha kusogea, huyu na jembe, yule na mtoto mgongoni. Hapa kijijini Nshambya redio ni chache, lakini ugomvi wa uani humfikia kila mtu, tena bila betri.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Umoja wa Vijana ulitafuta kijana mmoja wa kwenda Bulgaria kujitolea mwaka mzima kwenye mashamba ya ushirika. Huko angepewa kitanda na mkate. Koti la baridi na nauli ya kufika Dar es Salaam ajitafutie mwenyewe. Jina la Damian lilikuwa la kwanza kwenye orodha, la pili ni Josia wa Rubafu. Ilibaki barua ya balozi wa nyumba kumi, ithibitishe kwamba kijana anajitolea kwao kabla hajaenda kujitolea kwa watu. Isipofika ofisini Jumatatu, meli anapanda Josia. Na balozi wao alikuwa huyu Ma Kokushubila, mjane asiyejua kusema uongo hata msibani, ambako uongo ni ruksa.

Damian naye, kusema kweli, kila Jumamosi ya mawe, siku ya kijiji kizima kubeba mawe ya shule, alikuwa anaumwa. Mara tumbo, mara jino, mara mguu. Jumamosi moja aliumwa mahali ambapo hata yeye hakupajua jina.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kutangaza. Sisi wa Bukoba mtu akipata safari ya Muleba tu anaaga ukoo mzima. Sasa fikiria Bulgaria. Jina halijabandikwa ubaoni, yeye ameshatafuna kahawa ya kuagwa katika nyumba kumi na mbili. Kila nyumba aliulizwa Bulgaria iko wapi, na kila nyumba aliiweka mahali tofauti.

Muleba alikwenda kwa mjomba wake, mzee Mushumbusi.

"Huko wanakula nini?" mzee aliuliza.

"Mkate, mjomba. Na viazi."

"Na ndizi?"

"Hakuna ndizi."

Mzee alivua kofia kama aliyeletewa taarifa ya kifo. Aliingia ndani, akatoka na koti zito jeusi aliloachiwa na padri mmoja aliyerudi Ulaya. "Njaa itakuua, hilo siwezi kulizuia. Ila baridi isiisaidie."

Damian alilivaa palepale. Alilivaa ndani ya basi mpaka Bukoba, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi, asije akapita mtu asiyejua kwamba anasafiri. Pale Miembeni, Hamidi fundi cherehani alimpunguzia mikono ya koti bure. Alipoonyeshwa karatasi ya mchango ndipo akavua miwani.

"Mwanangu, sisi hapa tunachangia harusi, tunachangia msiba. Hii yako niiweke wapi?"

"Ni ya kujenga taifa, Mzee Hamidi."

"Taifa la nani?"

Damian alikunja karatasi yake taratibu, akashukuru kwa mikono ya koti.

Ndipo akapata wazo la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mjomba alimpa mikungu ya ndizi za pombe, Ma Kokushubila akamwazima mtumbwi wake wa kukanyagia ndizi, na pombe ikiiva angeuza kibuyu kwa kibuyu mpaka nauli itimie. Wazo zuri, ila mtu wa kwenda Ulaya hakanyagi ndizi. Aliita vijana tisa wakanyage, yeye akakaa kando na koti lake akiwaeleza habari za theluji, ambayo alikuwa hajawahi kuiona hata kwenye picha ya rangi.

Sasa, kila mtoto wa Kihaya anajua: mwenye mtumbwi ana kibuyu chake cha kwanza, aliyekanyaga ana chake, aliyeleta nyasi ana chake, aliyetoa mtama ana chake. Damian alilijua hilo tangu hajaota meno. Alilisahau kwa sababu maisha yake yote alikuwa upande wa wanywaji. Siku ya kunywa wakaja na vibuyu vyao, na wake zao, na shemeji zao wa Kanyigo waliokuja kusalimia. Kilichobaki mtumbwini kisingemlevya nzi.

"Jamani, hata mchango?" alilia.

"Mchango gani tena, Ta Damian? Sisi tumekanyaga!"

Akajifariji kwamba barua itangulie, nauli Mungu ataleta. Na ndiyo hiyo barua aliyokuwa akiipigania uani Alhamisi ile, mpaka Ma Kokushubila alipokata shauri.

"Jumamosi ni keshokutwa. Ukitaka kuumwa, umwa Jumapili."

Jumamosi Damian alikuja, na koti. Jiwe la kwanza tu, koti akalitundika mgombani. Wale wakanyagaji tisa walikuwepo wote, wakampokea kwa vigelegele, wakamchagulia mawe yenye tumbo. Kutoka kijitoni hadi shuleni ni mlima mtupu. Damian alihesabu kwa sauti kubwa, ili balozi asikie.

"Kumi na moja!"

"Tisa," alisema Ma Kokushubila bila kuinua kichwa.

Jua lilipoanza kuinama, viganja vilikuwa vimechubuka, na wazo baya likamjia: huko Bulgaria kila siku ni Jumamosi.

Ma Kokushubila aliiandika barua mwenyewe, mlangoni kwake. Kuandika alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na kila herufi aliipanda kama mche wa kahawa, akiiachia nafasi yake. Damian akasoma: *Damian amejitolea siku moja. Amebeba mawe kumi na tisa. Mawili aliongeza kwa mdomo, sikuyahesabu.*

"Ma, nikipeleka hii, anakwenda Josia."

"Huyo Josia amebeba?"

"Nasikia kwao wamejenga zahanati, na yeye alikuwepo tangu msingi."

"Haya basi."

Damian alitafuta hasira, akakuta njaa. Akaisoma barua tena, na safari hii kicheko kikamtoka puani.

"Nitaipeleka hivihivi. Na koti nitampa Josia, kama mikono itamtosha. Mwakani utaniandikia nyingine, tafadhali, waitu?"

"Mpaka mwakani kuna Jumamosi hamsini na kitu. Tutaonana."

Ndani, wabebaji walikwisha kuuzunguka mlima wa ndizi na maharage uliomwagwa juu ya jani la mgomba, mvuke ukipanda, kelele zikipanda zaidi. Damian alichukua koti lake, akashika njia ya nyumbani kwake. Chakula cha Jumamosi hakijawahi kumhusu, na safari hii hakutaka akumbushwe na mtu.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Ma."

"Na fungu lako nimpe nani? Umebeba, utakula. Hilo koti liache hapo nje, linanuka kabati. Nawa polepole hayo malengelenge, uingie. Jamani, sogeeni huyo apate pa kukaa!"