Siku Mkaguzi Alipokuja Kutazama Shida

Mwaka ule Ikupa alitaka jambo moja tu duniani: darasa la tano lifunguliwe pale mlimani, juu ya Mbalizi, kabla shemeji yake hajapokea ng'ombe. Binti yake Damari alikuwa amemaliza la nne, na shule ya mlimani iliishia hapo. Baba mtu alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya mtoto lilikuwa la baba mdogo, Yotamu, na Yotamu alishapata mchumba, mwanamume mzima aliyechimba dhahabu Makongolosi. Likifunguliwa darasa, alisema, mtoto atasoma. Lisipofunguliwa, yeye hafugi msichana. Ubaya wa Yotamu ulikuwa na nafuu moja, kwamba hakuuficha.

Ndipo Mwalimu Sedekia aliporudi kutoka mkutanoni Mbeya na habari ya kuchangamsha. Wenye kahawa, kwa ushuru wao, walikuwa wanajijengea shule za mabati, huku watu wa viazi na pareto wakisomesha watoto ndani ya vibanda vya nyasi. Sasa Boma lilikuwa limeamua kwamba sehemu ya ushuru ule wa kahawa itiwe chungu kimoja, igawiwe shule zenye shida kuliko nyingine ili ziongeze madarasa. Mkaguzi kutoka Iringa angezunguka kuziona shida hizo kwa macho yake. Sedekia aliwasihi watu wasiguse kitu: paa livuje kama linavyovuja, na watoto wakae chini kama wanavyokaa.

Maneno hayo ungemwambia nani pale mlimani? Kwao mgeni hutandikiwa ngozi nzuri, na njaa ya nyumbani husubiri mpaka aondoke. Anania, mzee wa kanisa, alimwuliza mwalimu kama anataka wavuliwe nguo mbele ya mtu wa Iringa. Na Ikupa, ambaye hasa ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, akasimama kumuunga mkono Anania. Alisema fedha hupewa watu wanaoonekana wanajua kutunza. Usimcheke. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu akipewa kitu kwa sababu anakihitaji.

Basi kazi ikaanza, na Ikupa akiwa mbele. Wanawake walichimba udongo mweupe bondeni wakapaka kuta zikang'aa. Wanaume walikata nyasi mpya wakaziba paa. Mabenchi ya kanisani yalibebwa vichwani hadi darasani, na vitabu vya nyimbo vikapangwa mezani kwa mwalimu, migongo ikitazama ukuta, ili mtu akipita aone shule ina vitabu. Mashati yaliazimwa Mbalizi kwa jamaa. Sedekia alizunguka akinung'unika peke yake, mwisho akanyamaza, maana alikuwa mgeni wa kazi na walimlisha wao. Siku hizi watu huita hiyo kufa na tai shingoni. Wale hata tai hawakuwa nayo.

Mkaguzi, Bwana Filemoni, alifika na matope hadi magotini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mwenye kiburi tungejua pa kumtupia lawama. Alikagua kuta, akawasikiliza watoto wakisoma, akala wali uliotoka Usangu, chakula ambacho wenyeji hula Krismasi. Halafu akaweka sahani chini, akamgeukia Ikupa aliyekuwa akimnawisha mikono.

"Mama, niambie bila kuficha. Hapa mnakosa nini?"

Sedekia alimkazia macho. Damari alikuwa mlangoni ameshika taulo, na shati aliloazimwa lilikuwa linambana mabegani. Ikupa alilijua jibu lote, alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu mwalimu arudi. Lakini nyuma yake alikuwa Anania, na nyuma ya Anania kijiji kizima kilichokuwa kimechoka kwa kupaka na kubeba.

"Hatukosi kitu, baba," alisema. "Karibu tena."

Mvua za kwanza ziliposhuka, Sedekia alirudi tena kutoka Mbeya, na safari hii hakuita mkutano. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa Ikupa. Shule yao, alisema, ilikuwa imesifiwa mbele ya wakaguzi wote kwa usafi na kujitegemea. Fedha zilikuwa zimepewa shule moja ya bondeni, ya wenye kahawa, ambao wazee wao walijua mambo. Walimpeleka Bwana Filemoni kwenye banda lao bovu la zamani, wakamlilia mpaka akatoa leso, na jengo jipya la mabati wala hawakulitaja. Kwa hiyo fedha zilitoka kwa wenye kahawa, zikapita Boma kusalimia, zikarudi kwa wenye kahawa. Watu wa mlimani walibaki na kilemba chao cha ukoka.

Yotamu hakugomba wala hakusimanga. Alipeleka tu habari Makongolosi, na ng'ombe wakaja.

Siku ya kumwandaa bibi harusi, Ikupa alimkalisha Damari chini ampake mafuta. Mama alipofika mabegani, mtoto aliuliza.

"Mama, yule bwana alikuuliza. Nilikuwepo mlangoni. Kwa nini hukumwambia?"

Ikupa angeweza kumtaja Anania, au mila, au hata Mungu. Lakini kwa mara ya kwanza mwaka ule alisema kweli.

"Niliona aibu, mwanangu."

Damari aliichukua mikono ya mama yake, akaiondoa mabegani mwake taratibu.

"Aibu ilikuwa yako, mama. Mbona ninayeolewa ni mimi?"

Nje, wanawake walikuwa wameanza kuimba, na Yotamu akabisha mlango kuuliza kama mtoto yu tayari.