Mianzi ya Ephantus

Ephantus aliipanda mianzi hiyo kando ya ua, nyumbani kwao Munyaka, mwaka aliostaafu ualimu. Kila mgeni alipelekwa kuitazama kabla ya kupewa chai. Sasa alikuwa amepooza upande mmoja, na hakuweza tena kuzungumza.

Asubuhi moja jirani yao, Seline, alimwita Nyaguthii, mke wa Ephantus, nyumbani kwake akamwonyesha chumba cha watoto. Chipukizi la mwanzi lilikuwa limepasua sakafu ya saruji na kusimama kando ya kitanda.

"Mama, nimevumilia sana," Seline alisema. "Lakini hapa ndipo mtoto wangu analala."

Nyaguthii aliona haya. Siku hiyo hiyo akamtafuta Bethwel, kibarua wa mtaa, wakaanza kukata.

"Kukata pekee ni kazi bure," Bethwel alimwonya. "Kipande cha mzizi kikibaki, itaota tena. Lazima tuchimbe yote."

Walichimba siku tatu. Ephantus, akiwa kwenye kiti chake dirishani, aligonga kioo kwa mkono ulio mzima. Nyaguthii alimsikia, lakini hakugeuka.

Siku ya tatu kugonga kukakoma. Nyaguthii aliingia ndani na uji, viganja vikiwa na malengelenge.

"Ni mtoto wa wenyewe, Baba Wanja," alimwambia. "Ungefanya nini?"

Mumewe aliukataa uji, akageukia ukutani. Nyaguthii akakaa naye mpaka uji ukapoa, asijue kama amekasirika au analia.